Chelo ya Mti wa Muringa

Unga ulikuwa umepanda bei tena, kwa hivyo uji wa asubuhi hiyo ulikuwa mwepesi mno. Sawa tu, wepesi ndio uliotakiwa. Ciakuthii aliuchuja kwa kitambaa, akauchuja tena, kisha akauinamisha kwenye mwanga wa mlango kuhakikisha haujabaki na chenga. Babake alikuwa na saratani ya koo. Chenga moja ya wimbi ingemkaba mpaka machozi yamtoke, na leo binti hakutaka machozi. Leo mzee alikuwa anakwenda kusikiliza muziki.

"Ciakuthii! Umeamka ama bado unaota?" Rahema aliita kutoka ng'ambo ya ua. Walikuwa majirani hapo mtaa wa Majimbo, bomba moja la maji, kamba moja ya kuanikia nguo.

"Ningelala saa ngapi? Riungu amepiga?"

"Apige wapi! Simu ya huyo mtu inapokea wakubwa peke yao. Lakini si aliapa? Saa nne stoo inafunguliwa, unapewa chelo yako."

"Aliapa hata wiki jana."

"Wiki jana haikuwa siku ya tamasha. Leo asipofungua, aibu ni yake."

Maskini Rahema. Alidhani watu kama Bwana Riungu huona aibu.

Walikuwa wanne na wenyewe walijiita Wanne wa Majimbo. Bundi na Rahema walipiga vayolini, Mutembei akapiga viola, ambayo ni vayolini iliyonenepa kidogo, na Ciakuthii akapiga chelo, ile kubwa inayoshikwa katikati ya magoti na kuongea kwa sauti nzito. Waliokota ufundi huo kwa mwalimu mmoja mstaafu, Marcella, mwanamke mkali aliyewafinya masikio miaka yote kisha akafa akawaachia vyombo vyake vitatu. Chelo hakuwa nayo. Chelo ilitoka mikononi mwa babake Ciakuthii.

Mzee Njuki wa Karurumo alikuwa fundi wa mizinga ya nyuki. Mizinga yake, ya gogo la muringa lililochongwa likawa tupu ndani, ilining'inia mitini kutoka kwao mpaka kule chini Mbeere. Siku bintiye alipomwambia kwamba kundi linahitaji chombo cha nne na hakuna wa kukinunua, mzee aliomba picha yake. Akaomba na viola ya Mutembei, akaipima kwa kamba, akaongeza vipimo mpaka pale alipoona mwili wa mtu mzima unafaa kufika. Alichonga muringa mkavu aliokuwa ameuweka darini tangu zamani. Ilimchukua msimu mzima wa kahawa, tena majirani wakimcheka kwamba sasa Njuki anatengeneza jeneza la mtoto.

Kabla hajafunika kifuniko cha juu, mkono wake ulifanya jambo lenyewe bila kumuuliza. Alichukua bonge la nta, akalipasha moto, akapaka ndani yote, kona kwa kona, kama alivyopaka kila mzinga mpya ili kundi la nyuki likipita lisikie harufu na kuingia.

"Baba! Hiyo si mzinga!" Ciakuthii alicheka.

Mzee alisimama na nta mkononi, akacheka pia. Wakati huo alikuwa bado na sauti. "Mkono umezoea, Mami." Alimwita hivyo kwa sababu binti alipewa jina la mamake mzee. "Kwani nta itaharibu nini?"

Haikuharibu kitu. Kila Ciakuthii alipoinamia chelo hiyo alisikia harufu ya asali, na sauti yake ilikuwa ya chini, yenye mkwaruzo, sauti ya mtu mzima anayezungumza na mtoto wake. Bundi aliipenda sauti hiyo mpaka akatunga kipande kizima kwa ajili yake, chenye sehemu tatu. Ile ya katikati, ya polepole, ilianza na chelo peke yake. Lakini gundi haijakauka vizuri, koo la mzee likaanza kukataa ugali, kisha viazi, kisha chai. Hakuwahi kuisikia chelo yake ikipigwa pamoja na wenzake. Alichosikia ni mazoezi ya vidole hapo uani, kabla hawajamlaza wodini.

Na hata hayo mazoezi yalikatika. Mwanzo wa mwezi walikwenda kujaribu sauti kwenye ukumbi wa serikali, mahali tamasha litakapofanyika. Msimamizi wa ukumbi alikuwa Bwana Riungu. Wakaguzi wa hesabu walikuwa njiani, na vyombo vya bendi vilivyonunuliwa kwenye karatasi havikuonekana kwa macho, kwa hivyo Bwana Riungu siku hizo alitamani sana kuwa na chombo chochote cha muziki ndani ya stoo yake. Vayolini na viola alizipitisha, zilikuwa na risiti kuukuu za Mwalimu Marcella.

"Na hii kubwa, risiti iko wapi?"

"Ilitengenezwa na baba yangu," Ciakuthii alisema.

"Baba yako ana kampuni?"

"Ana patasi."

"Usinichezee, msichana. Kitu hakina risiti, hakina kampuni, kimekutwa ndani ya jengo la serikali. Hiyo ni mali ya serikali mpaka uthibitishe vinginevyo."

Ikaingia stoo. Ciakuthii alikwenda kwa chifu, chifu akamtuma kwa mkubwa wake, mkubwa wake akamuuliza kwa nini hakuanza kwa chifu. Tangu hapo alikuwa akifanya mazoezi kwa mpini wa ufagio. Alikaa kitandani jioni, akaubana kati ya magoti, vidole vikapanda na kushuka juu ya mti usio na uzi, na sehemu yake akaiimba kwa mdomo uliofungwa. Watoto wa ploti walidhani dada yao ameanza kurukwa na akili.

Hospitalini alimkuta babake amevaa koti la kanisani tangu alfajiri. Kitanda alilala na mgonjwa mwingine, mmoja kichwa huku, mwingine kule, kwa hivyo alikuwa ameketi pembeni kabisa, kofia magotini, tayari. Alikuwa amekonda mpaka koti lilionekana la kuazima.

"Imefunguliwa?" aliuliza. Sauti ilikuwa imebaki pumzi tu.

"Saa nne, Baba."

"Itakuwa imekauka. Usiipige mara moja. Iache ivute hewa kwanza, ndio uikaze nyuzi."

"Sawa."

"Na mimi nikae mbele. Nataka nione ule ubavu wa kushoto ukitetemeka. Nilihofia nimeuacha mnene."

Aliunywa uji kidogo kidogo, akitulia kila funda, na binti akatazama pembeni ili asimwone akihangaika. Nesi wa zamu, Cicily, alikuja akasimama karibu nao akijifanya anasoma chati.

"Mimi sijaona mtu akitoka hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini saa kumi na mbili zamu yangu inaisha, na wa lango wa usiku hamjui mtu. Mrudishe kabla ya hapo. Jumatatu anawekewa mrija wa tumboni, na baada ya mrija hatoki tena."

"Na ile mashine ya mionzi?"

"Nairobi. Foleni imefika mwaka ujao." Nesi Cicily alimtazama mzee, akafunga chati. "Nendeni mkasikilize muziki wenu, jamani."

Walipatana kwamba Kasim, kakake Rahema, atamleta mzee alasiri kwa pikapu ya bucha. Ciakuthii alitangulia ukumbini mbio mbio.

Alikuta viti vya plastiki vikifungwa vitambaa vya rangi, turubai likinyanyuliwa, na Bwana Riungu katikati akielekeza watu kwa kidole. Tamasha la watoto wanne wa nyuzi lilikuwa limepata mgeni wa heshima bila kuomba. Mheshimiwa fulani alisikia kuna watu watakusanyika, akaona awasalimie.

"Bwana Riungu, nimekuja kwa ile chelo."

"Chelo iko."

"Stoo imefungwa."

"Stoo iko. Ufunguo ndio haupo. Wa stoo amekwenda kuzika Runyenjes."

"Na ufunguo?"

"Sasa unataka auache kwa nani? Kwako?" Akaitikia simu, akageuka.

Aliketi kwenye ngazi mbele ya mlango wa stoo, mpini wa ufagio haupo, vidole vikicheza juu ya paja. Asubuhi ikaisha. Mvua ilikuwa imenyesha wiki iliyopita na kahawa yote ya vilimani ilikuwa imechanua nyeupe, harufu yake ikifika mpaka mjini. Ndani ya stoo kulikuwa na mvumo mdogo usiokoma. Alidhani ni jokofu. Dirisha la stoo, lile lenye kioo kimoja kilichovunjika, lilikuwa upande wa nyuma na yeye hakuwa na sababu ya kwenda nyuma.

Wenzake walifika mmoja mmoja na masanduku yao. Bundi alikuwa amenyoa na kuvaa tai. "Bado?" aliuliza.

"Bado."

"Manze, hawa watu." Akaketi naye kwenye ngazi. Mutembei akaketi. Rahema alisimama akampigia Bwana Riungu simu kutoka hatua chache tu, akamwona akiitazama na kuirudisha mfukoni.

Ufunguo ulikuja kwa bodaboda, umefungwa kwenye leso ya mtu, wakati wageni tayari wanaketi. Bwana Riungu alifungua mwenyewe kwa madaha, kama mtu anayetoa zawadi, akaingia, akatoka mara moja akipiga kelele na kujipiga sikio.

"Nyuki! Nyuki wamejaa humu!"

Ciakuthii aliingia. Chelo ilikuwa imeegemezwa ukutani, uso wake umetazama dirisha lile bovu. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kwenye yale matundu mawili ya kifuani mwake, bila haraka, kama watu na mlango wao. Wengine walikuwa wametulia juu ya nyuzi. Mvumo aliokuwa ameusikia asubuhi nzima ulikuwa unatoka ndani ya chelo. Alinyoosha mkono, akaugusa ubao wake, akahisi unatetemeka wenyewe. Nyuki mmoja alimchoma kifundoni naye hakuuondoa mkono. Alitaka kulia, na wakati huo huo kicheko kilimpanda kooni, cha kichaa.

Kasim alifika na mzee. Wakajaribu kumzuia asiingie, akawapita. Mzee Njuki hakuvaa kitu cha kujikinga maishani mwake na leo hangeanza. Alipiga magoti taratibu, akaweka sikio kwenye ubavu wa chelo, akasikiliza kwa muda. Uso wake ulichangamka.

"Wengi," alinong'ona. "Wametia masega tayari. Wamepapenda." Akatabasamu, kisha tabasamu likamwisha usoni. Aliinua macho akamtazama bintiye. "Ni mimi, Mami. Niliwaita mimi. Ile nta."

"Si wewe, Baba. Ni dirisha. Ni huyu aliyeifungia humu."

"Dirisha halina nta."

"Baba, tafadhali."

"Nimekuharibia siku."

Ciakuthii alipiga magoti kando yake akamshika mkono. Mzee hakuwa mtu wa kubembelezwa. Nje kipaza sauti kilikuwa kinapulizwa, moja mbili, moja mbili.

"Watu wa usafi wapi?" Bwana Riungu alikuwa anafoka, sikio limekwisha kuvimba. "Leteni dawa ya wadudu! Mheshimiwa amefika mtaa wa Shauri sasa hivi!"

Mzee alisimama akaenda akamshika mkono wa koti. Ilibidi Bwana Riungu ainame ili amsikie. "Mkubwa, usiwaue. Nyuki hawahamishwi mchana. Jua likishuka, moshi kidogo tu, wanatoka wenyewe na malkia wao, na chelo inabaki nzima. Kuna rafiki yangu Karurumo, Kivuti. Huyu kijana atampigia simu sasa hivi, aje jioni awatoe. Nakuomba. Funga mlango tu, hawana haja na mtu."

Bwana Riungu alimtazama yule mzee aliyekonda, koti lake, kofia yake. Labda aliona haya kidogo, labda alikuwa na haraka tu. "Sawa, mzee. Jioni. Hakuna shida." Akafunga mlango.

Wale wanne walikusanyika nyuma ya jukwaa. Mutembei alisema angejaribu kuchukua sauti ya chelo kwenye viola, ingawa haifiki chini. Bundi alitikisa kichwa. Rahema ndiye aliyemshika Ciakuthii mabega.

"Si umekuwa ukiiimba kwa ufagio mwezi mzima? Uiimbe."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya babako. Kiti chako hakitoki pale, aki ya Mungu."

Kwanza walikuja wa maombi, kisha wa kutambua wageni, kisha mheshimiwa akasalimu, akazungumzia barabara, maji na adui zake. Mzee Njuki aliketi mstari wa mbele, mikono juu ya kofia, akingoja. Saa zilikuwa zinaliwa na Ciakuthii alikuwa akizihesabu kuelekea saa kumi na mbili. Hatimaye emsii aliwaita "vijana wetu wa gita", na Wanne wa Majimbo wakapanda jukwaani, watatu na vyombo na mmoja mikono mitupu.

Watu walinong'ona. Ciakuthii aliketi, akaweka magoti yake kama inavyotakiwa, na pale penye chelo hapakuwa na chelo.

Sehemu ya kwanza ilikwenda haraka. Vayolini zilikimbizana, viola ikazifuata, na yeye akaimba chini kwa mdomo uliofungwa, mwanzoni kwa woga, kisha kwa nguvu alipomwona babake akiitikia kwa kidole gumba juu ya kofia. Ukumbi ulitulia. Walikuwa watu wa kanisa na wa kwaya, walijua sauti ikikaa mahali pake, hata wale waliokuja kwa ajili ya soda walikuwa wametega masikio.

Ikaja sehemu ya katikati. Bundi, Rahema na Mutembei waliteremsha pinde zao. Ciakuthii alivuta pumzi akaanza peke yake.

Babake alifumba macho. Sauti haikuwa ya chelo, ilikuwa ya binti yake tu, lakini ilipita kwenye njia ile ile, chini, polepole, ikipanda kidogo na kurudi, na midomo ya mzee ilianza kucheza kana kwamba anaimba naye. Koo lake lilipanda na kushuka bila maumivu. Ciakuthii alimwona akiwa na furaha. Aliiona waziwazi, hakuibuni baadaye, na angeapa hivyo mbele ya mtu yeyote. Akasema moyoni, basi yatosha, Mungu, hata kama ni hivi.

Ndipo pua ya mzee ilipotikisika.

Alifumbua macho. Aligeuza kichwa kuelekea dirisha, akavuta hewa tena. Watu wengine wote ukumbini walisikia harufu ya moshi tu, takataka za nani sijui. Lakini Njuki alikuwa ameishi na nta miaka yote, baridi na moto, mbichi na kuukuu, na hakukuwa na harufu duniani aliyoijua kuliko hiyo. Aliinuka. Kofia ikaanguka. Akaanza kutembea katikati ya muziki kuelekea mlango wa pembeni, akishika migongo ya viti.

Sauti ya Ciakuthii ilikatika. Alimtazama babake anavyokwenda, akajua, akashuka jukwaani akamfuata. Watatu walibaki na pinde zao chini.

Kwa kuwa kulikuwa kimya, watu walidhani kipande kimekwisha, wakapiga makofi. Emsii akaruka akashika maiki. "Tuwapigie makofi ya maua! Mheshimiwa, hawa ndio vijana wako!"

Nyuma ya ukumbi, kwenye shimo la takataka, wanaume wawili walikuwa wamesimama na dumu la petroli. Chelo ilikuwa ndani, imelala ubavu. Muringa mkavu hushika moto upesi na wenye nta ndani hushika upesi zaidi. Kifua chake kilikuwa kimeshapasuka, masega meupe mapya yakidondoka na kuyeyuka, na moto ulikuwa wa rangi nzuri sana, wa njano. Uzi mmoja ulikatika kwa mlio, kisha mwingine.

"Nyuki walikuwa wanazunguka gari la mheshimiwa," Bwana Riungu alisema kabla hajaulizwa. Sikio lake lilikuwa limefunika nusu ya shavu. "Walinzi wake waliniambia nifanye kitu. Ningefanya nini, mimi ni mtu mdogo tu."

Ciakuthii alitaka kuingia shimoni. Kasim alimshika kiunoni. Alilia wakati huo, kwa sauti, bila kujali nani anatazama, akimwita babake na mamake aliyekufa na Mwalimu Marcella. Mzee mwenyewe hakulia. Alisimama ukingoni, mikono mitupu, akitazama juu ya moto. Nyuki waliokuwa wametoka kwenda kwenye maua ya kahawa walikuwa wanarudi na chavua miguuni, mmoja mmoja, wakifika dirishani, wakikosa nyumba, wakizunguka moshi.

"Hawa hawana pa kwenda," mzee alinong'ona. "Si nilimwambia jioni? Hata jioni yenyewe haijafika."

Bwana Riungu alikuwa na karatasi mkononi. Alingoja kilio kipungue kidogo, akamsogelea Ciakuthii. "Madam, najua si wakati mzuri. Lakini wakaguzi wanakuja kesho kutwa. Hapa naomba usaini tu kwamba umerudishiwa chelo yako."

Alimtazama. Ciakuthii hakuamini, akamtazama tena. "Mwezi mzima ilikuwa ya serikali."

"Tumeshathibitisha ni yako."

"Nipe kama nilivyokuletea, nitasaini."

"Usifanye mambo kuwa magumu." Alingoja. Kisha akauweka ubao wake wa kuandikia juu ya paja, akatoa kalamu. "Basi nitasaini kwa niaba." Na akasaini pale pale, mbele yao, moshi ukimpita usoni.

Kasim aliwapakia mbele ya pikapu, wote watatu wamebanana, Rahema na wenzake wakabaki na masanduku. Walipofika barabara kuu polisi walikuwa wamesimamisha magari ili msafara wa mheshimiwa upite. Wakakaa. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mji, saa ile ile nyuki huhamishwa.

"Mami," mzee alisema. "Ulikatia wapi?"

"Nini, Baba?"

"Ule wimbo. Ulikatia njiani. Unamalizikaje?"

Ciakuthii hakuwa na sauti, alikuwa ameimaliza yote shimoni. Lakini mzee alikuwa ameegemeza kichwa begani pake, sikio karibu na koo lake, kama alivyokuwa ameegemea ubavu wa chelo. Akaanza upya, sehemu ya katikati, kutoka mwanzo. Pale walipopaswa kuingia wenzake alinyamaza, akahesabu, akaendelea. Kasim hakuwasha redio.

Ving'ora vikapita. Magari meusi yakapita. Polisi wakaendelea kushika barabara, kwa sababu ya gari moja lililochelewa nyuma.

Walifika langoni Nesi Cicily akiwa ameshaondoka. Askari wa usiku alimulika tochi ndani ya pikapu ingawa mwanga ulikuwa bado upo.

"Mgonjwa alitokaje? Cheti cha kutoka kiko wapi?"

"Tulikwenda tu hapo ukumbini," Ciakuthii alisema. "Tafadhali, afande. Nimpeleke mpaka kitandani, niko na yeye dakika tano tu."

"Saa za kuona wagonjwa zimekwisha. Mgonjwa ataingia, wewe hapana."

"Ni baba yangu."

"Hata hawa wote ni baba za watu."

Kiti cha magurudumu kililetwa, tairi moja likilia. Mzee aliketi, akaiweka mikono mahali kofia ingekuwa. Alikuwa bado anamtazama binti yake kwa yale macho ya kungoja, kwa sababu wimbo ulikuwa umekatika karibu sana na mwisho, sehemu ambayo Bundi aliiandikia sauti ya chini kabisa, na alijua haujaisha. Alinyanyua kidole gumba. Kisha wakamsukuma, na lango likafungwa.

Ciakuthii alishika vyuma vya lango akaendelea. Alifungua mdomo sasa, akaiimba sehemu yake kwa sauti yote iliyobaki, ile sauti ya chini ambayo peke yake si wimbo wa mtu yeyote.

"Wewe dada, nenda nyumbani," askari alisema.

Alinyamaza pale vayolini zinapoingia. Askari akaona amemaliza, akaizima tochi. "Haya, asante. Usiku mwema."

Akaanza tena. Juu, kwenye wodi ya wanaume, mtu alikuwa anafunga madirisha, moja baada ya jingine, kwa sababu ya mbu. Ciakuthii aliyaona yakifungwa, akapandisha sauti, akaimba mpaka mwisho.